Pigo lililosikika kabla ya kupigwa

Rekodi ilikuwa ya sekunde 14 tu. Filimbi mbili zimeshikilia noti zao kwa utulivu, na juu yake zinagongwa kastaneti, vile vibao viwili vya mbao vinavyofungwa kidoleni. Mwenye rekodi, aliyepiga mojawapo ya filimbi hizo, alikuwa na WAV safi, yaani sauti isiyobanwa, na MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde aliyoitoa mwenyewe kwenye programu ya zamani ya kuhariri sauti. Akanitumia mafaili yote mawili na ujumbe wa mstari mmoja: "Fundi, hii MP3 ina nini? Kastaneti zinavuta pumzi kabla ya kulia."

Kasoro hiyo ina jina la kitaalamu, mwangwi tangulizi, na imeandikiwa kurasa nyingi za hesabu. Sijaona aliyeieleza vizuri kuliko mpiga filimbi huyu. Ukivaa hedifoni unasikia hasa alichosema: badala ya "ta" kavu ya mbao, inakuja "fs-ta". Kwenye spika ya simu huisikii. Kwenye hedifoni, ukishaisikia mara moja, huwezi tena kuisahau.

Nikayafungua mafaili, nikayapanga moja juu ya jingine. Ilibidi kwanza niisogeze MP3 nyuma kidogo, maana enkoda, programu inayoandika MP3, huongeza sampuli (vipimo vya wimbi) za kimya mwanzoni mwa faili. Ukilisahau hilo utakaa saa nzima ukilinganisha pigo na kimya cha jirani yake, kama nilivyowahi kufanya. Kisha nikakuza pigo la tatu hadi milisekunde 40 zikajaza kioo kizima.

Kwenye WAV, wimbi la filimbi linapanda na kushuka kwa ulaini, halafu, ndani ya muda usiofika milisekunde 1, linaruka juu. Hapo ndipo mbao zilipokutana. Kwenye MP3 mruko uko palepale na kimo chake ni karibu kilekile. Kilichoharibika ni kipande cha kabla yake. Wimbi laini la filimbi limeota vinyweleo vidogo, vyote vya kimo kimoja, vinavyoanza kama milisekunde 18 kabla ya pigo na kuendelea hadi mlangoni pake. Spektogramu, mchoro wa masafa kwa wakati, ikaonyesha kwamba vinyweleo vile viko juu ya kilohezi 2, kulekule ziliko kastaneti, ambako filimbi hizi hazina nguvu ya kuvifunika.

Sauti haitangulii chanzo chake, kwa hiyo kilichotangulia hakiwezi kuwa sauti ya mbao. Ni kelele za makadirio. MP3 haihifadhi wimbi sampuli kwa sampuli: inakata kipande cha wakati, ambacho watu wa kazi hii hukiita dirisha, inakichambua kuwa mistari ya masafa, kisha inaandika ukubwa wa kila mstari kwa namba iliyokadiriwa ili ichukue biti chache. Na mstari wa masafa ni wimbi linalotembea tangu mwanzo hadi mwisho wa dirisha. Haujui kama katikati kuna pigo. Pigo linajengwa na mistari mingi kwa ushirika: kabla ya wakati wake mistari hiyo inafutana, huu ukipanda ule unashuka, hadi jumla inatoka sifuri, wakati ukifika, yote inapanda pamoja. Kwa hiyo kile kimya cha kabla ya pigo, ndani ya MP3, ni hesabu ndefu iliyobahatika kutoka sifuri. Sasa zikadirie namba zake, hii ipunguze kidogo, ile iongeze kidogo. Hesabu haitoki sifuri tena, na masalia yake yanamwagika dirisha zima, kabla na baada ya pigo.

Ya baada hayana neno. Sikio likishapigwa na sauti kubwa huchukua muda kurudi katika hali yake, milisekunde 100 na zaidi, na mkia wa pigo lenyewe unasaidia kuyafunika. Kwa upande wa kabla sikio lina huruma ndogo sana: milisekunde chache tu za mwisho kabla ya pigo ndizo zinazofunikwa vizuri. Ukitoa hizo kwenye 18, zinabaki zaidi ya 10 ambazo kelele imekaa uchi. Hiyo ndiyo "fs".

Kelele zenyewe hazikwepeki, ukiangalia bajeti. Kwa kilobiti 128 na sampuli 44,100 kwa sekunde, fremu moja ya MP3, yaani kifurushi kimoja cha faili, inapata wastani wa baiti 418 za kuelezea sampuli 1,152 za kushoto na nyingine 1,152 za kulia. Gawanya: ni takriban biti 1.45 kwa kila mstari, na hapo hujatoa kichwa cha fremu na taarifa zake za pembeni. WAV ilikuwa na biti 16 kwa kila sampuli. Mahali penye ufinyu wa namna hiyo namba zinakatwa kwa shoka, na ufundi wote wa enkoda ni kuchagua wapi pa kuangushia vipande.

Mtu akishaelewa hivyo, jambo la kwanza analosema ni: basi fupisha dirisha. Kelele haiwezi kumwagika nje ya dirisha lake, kwa hiyo dirisha likiwa fupi, mwangwi tangulizi nao utakuwa mfupi. Ni kweli kabisa. Ila rekodi hii ina filimbi, na hapo ndipo kisa kinaponoga.

Filimbi ya kwanza ilishika noti ya hezi 587, ya pili hezi 659. Tofauti yao ni hezi 72. Mawimbi mawili ya aina hiyo yakianza sare yanaachana taratibu, na inahitajika sehemu 1 ya 72 ya sekunde, kama milisekunde 13.9, ili la pili liwe limelipita la kwanza kwa mzunguko mmoja kamili. Anayesikiliza kwa muda mfupi kuliko huo hana ushahidi wa kutosha kwamba noti ni mbili. Dirisha refu la MP3 lina upana wa sampuli 1,152, yaani milisekunde 26, kwa hiyo linaziona noti zikiachana karibu mara mbili. Dirisha fupi lina sampuli 384, milisekunde 8.7. Linafungwa kabla hata mzunguko mmoja wa kuachana haujatimia.

Itazame kwa mistari. Dirisha refu linatoa mistari 576, iliyoachana kwa hezi 38.3. Ukianza kuhesabu kutoka sifuri, noti ya kwanza inaangukia mstari wa 15 na ya pili mstari wa 17. Kila moja ina nyumba yake, na kuna chumba kitupu katikati. Dirisha fupi linatoa mistari 192 tu, iliyoachana kwa hezi 114.8, na noti zote mbili zinaingia mstari wa 5. Enkoda haiwezi tena kusema "hapa pana noti, pale hakuna kitu, biti zote ziende hapa". Zaidi ya hapo, madirisha mafupi matatu yanakaa mahali pa refu moja, kwa hiyo filimbi ileile ambayo haijabadilika hata kidogo inaandikwa upya mara tatu, kutoka kwenye mfuko uleule wa biti.

Kuna hesabu ndogo ninayoipenda hapa. Chukua umbali kati ya mistari, uzidishe kwa muda kati ya dirisha moja na linalofuata (ambao ni nusu ya dirisha, maana madirisha hupandiana). MP3 kwa madirisha marefu: hezi 38.3 mara milisekunde 13.06, unapata nusu. Kwa mafupi: hezi 114.8 mara milisekunde 4.35, nusu. Layer II, kaka yake MP3, anayeishia kwenye bendi 32 za hezi 689 kila moja: mara milisekunde 0.73, nusu. AAC, fomati iliyokuja baada ya MP3: dirisha refu, hezi 21.5 mara milisekunde 23.2, dirisha fupi, hezi 172 mara 2.9. Nusu, nusu. Inakuwa hivyo kwa sababu hesabu zinazotumika hazitoi namba nyingi kuliko sampuli zilizoingia; ukiongeza mistari kwa upana lazima uipunguze kwa wakati. Na nyuma ya uchumi huo kuna mpaka ambao hakuna enkoda iwezayo kuuruka, ambao Dennis Gabor aliuandikia mwaka 1946 akiwa anaangalia mawasiliano kwa macho ya fizikia: kadiri unavyobana tukio kwenye wakati, ndivyo masafa yake yanavyotawanyika.

Kwa hiyo mtengenezaji wa fomati hachagui kati ya kizuri na kibaya. Anachagua nani aumizwe, kastaneti au filimbi. Waliounda MP3 walikataa kuchagua mara moja kwa faili zima. Msingi wa MDCT, hesabu inayowezesha madirisha kupandiana bila kuacha mshono, ulikuwa umewekwa na Princen na Bradley mwaka 1986. Mwaka 1989 Bernd Edler akaonyesha namna ya kubadili umbo la dirisha safarini bila kuvunja mpandiano huo. Na kiwango cha MPEG-1, ambacho ndani yake imo MP3, kilipochapishwa mwaka 1993 MP3 ilikuwa na madirisha ya aina nne: refu, la kuingilia, fupi, na la kutokea. Yale mawili ya katikati ya safari yapo kwa ajili ya mshono tu. Huwezi kutoka refu kwenda fupi ghafla, lazima upitie dirisha la kuingilia, maana yake enkoda inapaswa kulijua pigo kabla halijafika. Inasoma mbele, kama msomaji wa habari anayetupia jicho mstari wa chini.

Kama MP3 ina dawa yake ndani, mbona faili hili lilikuwa linaumwa?

Jibu limeandikwa ndani ya faili lenyewe. Kila granuli, yaani nusu ya fremu, sampuli 576, ina biti moja kwa kila upande inayosema kama dirisha si la kawaida, na ikiwaka zinafuata biti mbili za kutaja aina yake. Nikaandika programu fupi ya kupita faili zima ikizisoma. Sekunde 14 ni granuli 1,072 hivi. Biti ile haikuwaka hata mara moja, kushoto wala kulia. Enkoda ya programu ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi kwa madirisha marefu pekee, tangu sampuli ya kwanza hadi ya mwisho. Faili linalotoka hivyo ni MP3 halali kabisa. Kiwango kinaeleza namna ya kusoma. Namna ya kuandika ni hiari ya mwandishi, na huyu alichagua njia rahisi.

Ili nisimsingizie mtu, nikarudia kosa lake kwa makusudi. LAME, enkoda ya MP3 inayosifiwa, ina swichi ya --noshort inayozima madirisha mafupi. Nikaitumia kwenye WAV ileile kwa kilobiti 128, na pumzi ikarudi vilevile, pigo kwa pigo. Kisha nikafanya kinyume, --allshort, mafupi mwanzo mwisho. Kastaneti zikawa kavu, safi, kama zimegongwa kando ya sikio. Filimbi, Mungu anisamehe, zikawa kama zinapigwa ndani ya bomba lenye kutu: mkwaruzo wa chini usiokoma, noti mbili zikisuguana. Nashauri kila anayetaka kuelewa jambo hili afanye jaribio hilo moja. Dakika mbili za kusikiliza zinashinda michoro kumi.

Na kuongeza biti je? Ndiyo dawa inayopendekezwa kila mahali, na mwenye rekodi alishaanza kuuliza kama atoe kwa 192. Kwa hesabu ya mezani, kutoka 128 hadi 192 kila mstari unapata kama biti 0.73 zaidi, na kwa kuwa biti moja ni takriban desibeli 6, kelele inashuka kwa desibeli 4 na kidogo. Hadi 320 inashuka kama 13. Nilizijaribu zote mbili kwa --noshort. Vinyweleo vikawa vifupi kwenda juu, lakini vikaanza palepale, milisekunde 18 kabla ya pigo. Kwa 320 nilihitaji kuongeza sauti ndipo nivisikie. Ni nafuu, sikatai, ila umelipa faili kubwa mara mbili na nusu ili kupunguza ukali wa kosa ambalo uamuzi wa biti moja ungelizuia.

Nikaondoa swichi zote, nikaiacha LAME iamue yenyewe, kilobiti 128 zilezile. Programu yangu ikaonyesha mfululizo niliotarajia: refu, refu, refu, kuingilia, fupi, kutokea, refu, na kundi hilo likijirudia karibu kila pigo. Filimbi zikabaki laini, pumzi ikaisha. Kuna mabaki, lakini ni ya milisekunde 4 hivi, na hizo sikio linazisamehe. Gharama inajificha kwingine: kwenye granuli fupi enkoda inakula biti nyingi kuliko wastani, inazikopa kwenye akiba iliyojiwekea wakati filimbi zikiwa peke yake. Mapigo yakifuatana kwa kasi sana akiba inakauka. Katika rekodi hii hayakufuatana hivyo.

Kuna jambo linaloniuma kidogo kuhusu MP3 kila ninapofika hapa. Kiwango kina dirisha la mchanganyiko: bendi mbili za chini kabisa, hadi hezi 1,378, zinabaki na dirisha refu huku zilizo juu zikipewa mafupi. Angalia filimbi zetu: 587 na 659, na maradufu yake 1,174 na 1,318, zote ziko chini ya mpaka huo. Kastaneti ziko juu yake. Ni kama walioandika kiwango waliisikia rekodi hii. Lakini enkoda chache mno huligusa dirisha hilo, na LAME katika mwendo wake wa kawaida hailitumii. Nyumba ina mlango ambao hakuna mwenye ufunguo wake.

Fomati zilizokuja baadaye zilishughulikia tatizo hilihili kwa njia zao. AAC, ya mwaka 1997, imevuta ncha zote mbili: dirisha refu limekuwa refu zaidi, sampuli 2,048, na fupi limekuwa fupi zaidi, 256. Kwa filimbi ni neema. Kwa pigo ambalo enkoda imelikosa ni balaa, maana kelele sasa ina milisekunde 46 za kutawanyika. Ndiyo maana AAC ilikuja na kifaa cha kuunda kelele kwenye wakati, TNS, ambacho ni werevu wa hali ya juu. Pigo moja kali, ukilitazama kwa mistari ya masafa, linatoa mistari inayopanda na kushuka kwa mpangilio kama wimbi. Kitu chenye mpangilio kinatabirika. TNS inatabiri kila mstari kutokana na ile ya jirani, inakadiria tofauti tu, na kwenye kusoma kelele inajikuta imefuata umbo la sauti yenyewe: ndogo palipo kimya, kubwa palipo pigo. Dirisha linabaki refu, kelele haimwagiki ovyo. Inasaidia sana hata sauti ya mtu anayeongea kwa besi, ambaye koo lake hutoa vipigo vidogo mfululizo kila baada ya milisekunde 10 hivi na ambaye kubadili madirisha kwa kila kipigo kungeichosha enkoda yoyote.

Opus, iliyowekwa kuwa kiwango Septemba 2012, inakwenda karibu na lile dirisha la mchanganyiko lililosahaulika. Ndani ya fremu moja kila bendi inaweza kuambiwa ijali wakati au ijali masafa, kwa kuchanganya namba za madirisha mafupi au kuzitenganisha za refu. Lakini madirisha yake yanapandiana kwa milisekunde 2.5 tu, kwa sababu iliundwa kwa mazungumzo yasiyovumilia kuchelewa, na kwa noti tupu za muda mrefu kingo hizo fupi zinaigharimu. Nilijaribu zote mbili kwa rekodi yetu. Kwa masikio yangu AAC ilikuwa bora kidogo kwenye filimbi na Opus kwenye kastaneti, ila nisingeapa.

Nilimrudishia mwenye rekodi MP3 ya LAME, maana mtu aliyetakiwa kuipokea alitaka MP3. Kesho yake akaandika: "Fundi, safi. Ila sekunde ya 11 bado inavuta pumzi."

Nikafungua. Kweli, kabla ya pigo la sekunde 11.2 kuna "fs" unaosikika wazi. Nikaendesha programu yangu: granuli zote zilizo jirani na ya 857 zilikuwa na madirisha marefu. Enkoda ililikosa pigo. Nilifurahi, nakiri, kwa furaha ya mtu aliyekamata kosa la kitu kinachosifiwa. Nikatoa faili upya kwa --allshort ili nithibitishe. "Fs" ikabaki. Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikaisikiliza WAV.

Ilikuwemo. Ni mpiga filimbi mwenyewe, anavuta hewa kabla ya kushika noti inayofuata, karibu na maikrofoni, na pigo linaingia katikati ya mvuto huo. Hewa ile ina kelele nyingi za masafa ya juu, kwa hiyo enkoda, ambayo hutafuta mruko wa ghafla kwenye masafa hayo hayo, ilikuta palipokuwa pameshapanda na haikuona sababu ya kubadili dirisha. Nayo ilikuwa sahihi: kelele za makadirio zilizomwagika kabla ya pigo lile zilizama zote ndani ya pumzi ya kweli.

Nikamwandikia: "Ndugu yangu, hiyo ya sekunde ya 11 ni yako."

Akajibu baada ya saa nzima: "Basi nitarekodi upya."